Beneath a Steel Sky au Blade Runner: Urudie Ipi Kati ya Gemu Hizi Mbili za Zamani?

Ukiuliza watu wakutajie gemu ya zamani ya saibapanki, zile hadithi za jiji la kesho ambako mashine zimeendelea na maisha ya mnyonge yamezidi kuwa magumu, utatajiwa nyingi, ila majina mawili yatajirudia. La kwanza ni Beneath a Steel Sky, iliyotoka mwaka 1994 kwa kompyuta za DOS na Amiga, kazi ya Revolution Software ya Uingereza chini ya Charles Cecil. La pili ni Blade Runner ya mwaka 1997, iliyotengenezwa na Westwood Studios ya Las Vegas, Marekani, kutokana na filamu ya mwaka 1982 yenye jina hilohilo.

Kwa mbali zinafanana sana. Zote zilisambazwa na Virgin Interactive. Zote huchezwa kwa kipanya: unabofya, mhusika wako anatembea, anaongea na watu, anachunguza vitu. Zote zinahusu mtu mmoja anayesaka ukweli ndani ya jiji lisilomtakia mema, na zote zinauliza mpaka kati ya mtu na mashine uko wapi. Lakini namna zinavyouliza swali hilo ni tofauti kabisa, kiasi kwamba anayeifurahia moja anaweza kuichoka nyingine kabla ya saa moja kuisha. Ndiyo maana nimeziweka bega kwa bega.

Snatcher ya Konami, iliyoanza Japani mwaka 1988, nimeiacha nje kwa sababu moja tu. Toleo lake la Kiingereza lilitoka kwa mashine ya Sega CD mwaka 1994, na ukilitaka leo kihalali itabidi usake diski za mitumba kwa bei za wakusanyaji. Kumshauri mtu gemu ambayo hataweza kuipata ni kumpotezea muda.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima kwa mambo sita: hadithi na mji wake, kazi ambayo kichwa chako kitapewa, nafasi yako ya kuamua mambo, picha na sauti zilivyohimili miaka, Kiingereza kinachohitajika, kisha bei, uzito wa faili na kifaa. Mambo ya pili na ya tatu nimeyapa nafasi kubwa kwa makusudi. Picha za zamani mtu huzizoea baada ya dakika chache. Aina ya mafumbo usiyoipenda, hiyo huizoei.

Hadithi na mji

Beneath a Steel Sky inaanza kwa kurasa za katuni zilizochorwa na Dave Gibbons, mchoraji mashuhuri wa Uingereza. Tuko Australia ya baadaye. Nje ya miji mikubwa kuna jangwa linaloitwa the Gap, na huko ndiko alikookotwa mtoto aliyenusurika ajali ya helikopta. Watu wa jangwani wakamlea, wakampa jina Robert, na jina la pili, Foster, wakalitoa kwenye kopo la bia lililokutwa eneo hilo. Akishakuwa kijana, askari wa Union City wanamfuata, wanawaangamiza waliomlea na kumpakia kwenye helikopta. Nayo inaanguka ndani ya jiji. Foster anatoka mbio akiwa na kadi ndogo ya sakiti mfukoni, ambayo ndiyo akili ya rafiki yake roboti, Joey. Hapo ndipo unapoanza kucheza.

Kilichonifanya niipende Union City ni jinsi walivyoipindua. Tumezoea kwamba tajiri anakaa ghorofa ya juu, maskini chini kwenye tope. Hapa juu ndiko kuna viwanda, moshi na vibarua. Matajiri wako chini kabisa, ardhini, kwenye bustani na hewa safi. Kwa hiyo safari yako yote ni ya kushuka. Kila lifti inayokuteremsha inakukutanisha na watu wenye mavazi bora zaidi na wasiojua kabisa kinachoendelea juu ya vichwa vyao. Jiji zima linasimamiwa na kompyuta iitwayo LINC, na swali la kwa nini LINC inamtaka Foster ndilo linalokuvuta mpaka mwisho.

Mambo hayo ni mazito, lakini gemu imejaa vichekesho. Joey ana mdomo mchafu, wasimamizi wa viwanda ni watu wa kujikweza, mama mmoja tajiri anamdekeza mbwa wake kuliko watu wanavyotunzwa ghorofa za juu. Halafu katikati ya kicheko mtu anakufa, na kifo chake kinauma. Wapo wanaoona mchanganyiko huo unayumba. Mimi naona ndiyo nguvu yake, kwa sababu unawazoea wahusika kwa kuwacheka, na ukishawazoea huwezi kuwapoteza bila kuumia.

Blade Runner haicheki. Los Angeles, Novemba 2019, mvua haikatiki na taa za matangazo zinang'aa kwenye madimbwi. Wewe ni Ray McCoy, askari mgeni katika kikosi kinachosaka replikanti, watu waliotengenezwa maabara kwa ajili ya kazi za sulubu na kupigwa marufuku kuwepo duniani. Kesi yako ya kwanza si ya mauaji ya mtu. Unafika dukani kwa Runciter, muuza wanyama, na kukuta wanyama wamechinjwa ovyo.

Anayeingia humo bila kuijua filamu anaweza kushangaa kwa nini kikosi maalumu kimeitwa kwa ajili ya wanyama. Katika dunia ile wanyama halisi wamekwisha karibu wote, na aliyebaki ni mali ya thamani kubwa. Kumuua ni ushahidi wa kukosa huruma, na kukosa huruma ndiko kunakodaiwa kumtofautisha replikanti na mtu. Ndiyo maana kesi ya duka la wanyama inakuja kwako, na hadithi yote inakua kutoka hapo.

Gemu haisimulii filamu upya. Inakwenda sambamba nayo, siku zilezile, mitaa ileile, na mpelelezi mwingine. Unaingia jengo la Tyrell, kampuni inayotengeneza replikanti, unafika kwa J. F. Sebastian, mmoja wa wabunifu wao, na baadhi ya waigizaji wa filamu walirudi kutoa sauti zao: Sean Young, Joe Turkel, William Sanderson, Brion James na James Hong. Harrison Ford, nyota wa filamu, hayumo, na hadithi haimhitaji. Aliyeiona filamu atapata ladha ya ziada, ila asiyeiona hatapotea.

Kazi ya kichwa

Hapa ndipo njia zinapoachana.

Beneath a Steel Sky ni gemu ya vitu na milango. Mlango umefungwa, mashine imekufa, mlinzi hataki kuondoka, na mahali fulani kuna kitu cha kutatua hilo. Fumbo la kwanza linakuonyesha tabia ya yote yatakayofuata: umesimama kwenye njia ya chuma juu ya kiwanda, huna chochote mkononi, na kitu pekee unachoweza kukitoa mahali pake ni kipande cha chuma. Ukishakuwa nacho, kinakuwa nyenzo ya kukwanyulia mlango. Kisha kwenye lundo la takataka unakuta roboti mbovu, unamchomekea ile kadi ya mfukoni, na Joey anaamka akilalamikia mwili aliopewa.

Kuanzia hapo nusu ya mafumbo yanamhusu Joey. Foster hawezi kuingia penye moto au umeme, Joey anaweza. Unaongea naye, unamtuma, anakwenda akinung'unika. Baadaye unamhamishia miili mingine, na kila mwili una kazi yake. Mwili wenye uwezo wa kuchomelea vyuma unafungua njia ambazo ule wa kwanza usingezifungua, kwa hiyo lazima ukumbuke sehemu ulizokwamia na kurudi nazo kichwani. Hii ni raha ya kweli kwa anayependa kufikiri kwa utaratibu.

Maudhi yake nayo yapo. Baadhi ya vitu ni vidogo mno kwenye skrini, pikseli chache tu, na unaweza kupita mara kumi bila kuviona. Wahusika wana ratiba zao na wanatembea kutoka chumba hadi chumba. Revolution waliuita mfumo huu Virtual Theatre na waliuonea fahari, lakini maana yake ni kwamba wakati mwingine unalazimika kusimama ukimsubiri mtu arudi. Unaweza pia kufa, kwa hiyo hifadhi mchezo wako mara kwa mara. Sehemu za ndani ya LINC, ambako Foster huingia akiwa amewekewa tundu la kuunganishia kichwani, ndizo dhaifu kuliko zote: vyumba vitupu, alama za kubeba na kutumia, mantiki kavu. Aliyebuni safari ya kwenda kuwekewa tundu hilo, kwa daktari anayelipwa kwa ahadi ya viungo vyako ukishafariki, alikuwa na ubunifu zaidi ya aliyebuni kinachokusubiri ndani.

Blade Runner iliondoa mafumbo ya vitu karibu yote. Hupewi bisibisi wala funguo za kujaribu kila mahali. Unakusanya dalili: nyayo, picha, kauli ya shahidi, kipande cha kitu kilichodondoka. Zote zinaingia kwenye kifaa kinachoitwa KIA, ambacho kinazipanga kwa kesi na kwa mshukiwa. Ukipata picha unaipeleka kwenye mashine ya ESPER, na hapo kuna jambo ambalo mpaka leo sijaliona likifanywa vizuri zaidi. Unazungushia eneo la picha kwa kipanya, mashine inasogea kwa mlio wake, unazungushia tena, inaingia ndani zaidi, na pembeni ya picha uliyodhani ni ya kawaida inajitokeza sura ya mtu au kitu mezani. Mashine haikuambii utafute nini. Lazima uwe na sababu ya kusogea upande fulani.

Halafu kuna kipimo cha Voight-Kampff, cha kumtambua replikanti. Mshukiwa anaketi mbele yako, jicho lake limejaa kwenye skrini, na wewe unachagua uzito wa swali: jepesi, la kati au kali. Mishale inapanda, mmoja wa mtu, mwingine wa replikanti. Ukiuliza makali mfululizo unamchokoza mshukiwa na kipimo kinaweza kuvunjika kabla hujapata jibu. Ukiuliza mepesi tu hufiki popote. Ni mchezo wa kuvumilia, na ukweli kwamba unampima mtu uliyekuwa ukiongea naye vizuri dakika tano zilizopita unaufanya uwe mgumu kwa namna isiyohusiana na mishale.

Udhaifu wake ni kwamba haikuambii kama umekosea. Dalili iliyokupita imekupita, kesi inaendelea bila hiyo, na unaweza kuzunguka mitaa ukibofya kila kona bila kujua kinachosubiriwa ni nini. Watu huku nako wanaendelea na mambo yao wewe ukiwa kwingine. Kuna na kufyatua bastola, tena kwa haraka, jambo ambalo mashabiki wengi wa gemu za mafumbo hawalipendi.

Nafasi ya kuamua

Beneath a Steel Sky ina njia moja. Utakachokiona ndicho nitakachokiona mimi, kwa mpangilio unaokaribiana, na mwisho ni uleule. Hilo lisihesabiwe kuwa kasoro. Waandishi walijua kila hatua utaikanyaga lini, wakaweka vichekesho na misiba mahali panapostahili. Ila ukishaimaliza, utairudia kwa mapenzi tu, kwa kuwa siri zake zimeisha.

Blade Runner hubadilika kila unapoianza upya. Kompyuta inaamua kwa bahati nasibu nani kati ya baadhi ya wahusika ni mtu na nani ni replikanti. Lucy, binti anayefanya kazi dukani kwa Runciter, anaweza kuwa mtu safari hii na replikanti safari ijayo. Dektora, mcheza dansi wa klabu, vivyo hivyo. Kwa hiyo aliyekuhadithia yaliyompata hawezi kukuharibia, kwa sababu yako yatakuwa mengine. Miisho iko zaidi ya 10.

Tukio la kueleza hili vizuri zaidi liko mapema, hivyo siharibu kitu. Dalili zinakufikisha kwenye mkahawa wa Howie Lee, na jikoni yuko mpishi aitwaye Zuben. Ukimhoji, ghafla anakurushia sufuria ya moto na kukimbia. Unamfukuza mpaka kwenye uchochoro, bastola mkononi. Kisha gemu inanyamaza. Hakuna maandishi ya kukuuliza uchague nini, hakuna saa ya kuhesabu. Ukifyatua, umefyatua. Ukiiacha bastola chini, umemwachia. Hupewi pongezi wala karipio, lakini baadaye kuna watu watakaokuchukulia kulingana na ulichofanya pale, na wengine hawatakuambia kwa nini.

Ndani ya mipangilio unaweza pia kumchagulia McCoy tabia ya mazungumzo: awe mpole, awe mkali, abadilikebadilike, au uchague mwenyewe kila jibu. Wengi hawaigusi sehemu hiyo. Iguse, chagua mwenyewe kila jibu. Bila hivyo unamwachia McCoy maamuzi ambayo ndiyo utamu wa gemu.

Picha na sauti

Beneath a Steel Sky imezeeka kwa heshima. Mandhari zake zimechorwa kwa mkono, na mchoro mzuri haupitwi na wakati kama teknolojia inavyopitwa. Skrini ni ndogo, pikseli 320 kwa 200, lakini jicho linazoea haraka. Sauti za waigizaji ndizo zinazogawa watu. Foster anaongea kwa lafudhi ya Kimarekani ingawa kalelewa jangwani Australia, na wanaomzunguka wengi ni Waingereza wa kusikika wazi.

Blade Runner ni kinyume. Mandhari zake, zenye mvua inayotembea, mvuke na mataa ya kufagia vyumba, bado zinatisha kwa uzuri. Lakini watu walijengwa kwa vokseli, yaani vijisanduku vidogo vilivyopangwa pamoja, ili gemu isihitaji kadi ya picha, na mtu akisogea karibu na kamera anageuka vijisanduku vinavyotetemeka. Kwa mbali hutambui, kwa karibu huwezi kutotambua. Muziki hauna mashaka: Frank Klepacki alizipiga upya nyimbo za Vangelis za filamu, akaongeza zake, na ukivaa visikilizi usiku utakaa dakika kadhaa kwenye roshani ya McCoy bila kufanya lolote.

Kiingereza

Hakuna iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo suala ni Kiingereza cha aina gani. Beneath a Steel Sky inaweza kukuonyesha maandishi ya kila sentensi huku sauti ikisikika, na mhusika hasogei mpaka amalize. Vichekesho vyake vingine ni vya Kiingereza cha Uingereza na vitakupita, lakini mafumbo hayategemei vichekesho.

Blade Runner ya mwaka 1997 ilitoka bila maandishi ya mazungumzo, na watu wake hunong'ona, hukatizana, huongea chini ya kelele za mtaa. Kwa msikilizaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu, hili ni zito kuliko suala la picha, maana dalili nyingi ziko kwenye maneno. Dawa ipo: watu wa ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani, wametengeneza faili la maandishi linalopakuliwa bure kwenye tovuti yao na kuwekwa kwenye folda ya gemu. Fanya hivyo kabla hujaanza.

Bei, uzito, kifaa, na toleo lipi

Beneath a Steel Sky ni bure, kihalali kabisa. Mwaka 2003 Revolution waliiruhusu igawiwe bila malipo, na tangu hapo imekuwa ikipakuliwa kwenye tovuti ya ScummVM na pia GOG, duka la gemu la mtandaoni. ScummVM ni programu ya bure inayoziwezesha gemu za zamani kucheza kwenye vifaa vya leo, na ipo kwa Windows, Mac, Linux na Android. Toleo la CD lenye sauti halifiki megabaiti 100, kwa hiyo bando dogo linatosha. Kompyuta yoyote inayowaka itaicheza. Kwenye simu inachezeka vizuri ukishazoea kutofautisha kuangalia kitu na kukitumia, kwani hayo kwa kipanya ni vitufe viwili tofauti.

Blade Runner inalipiwa, na bei yake ya kawaida mtandaoni ni karibu dola 10 za Marekani. Hushuka sana wakati wa mapunguzo. Ilitoka kwa CD nne, kwa hiyo tegemea faili kubwa, zaidi ya jigabaiti moja. Na hapa kuna uamuzi mwingine ndani ya uamuzi, ambao nataka usiuchukulie kirahisi.

Kwa miaka mingi gemu hii ilikuwa kama imekufa. Haikuuzwa popote, na diski za zamani ziligoma kwenye Windows mpya. Hata zilipokubali, kompyuta zenye kasi zilivuruga hesabu za muda. Kuitengeneza upya kulionekana hakuwezekani, kwani Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alishaeleza kuwa msimbo asilia wa programu (source code) ulipotea kampuni ilipohama kutoka Las Vegas. Watu wa kujitolea wa ScummVM ndio walioichambua programu iliyobaki, kipande kwa kipande, mpaka wakaweza kuiendesha. Oktoba 2019 toleo la ScummVM lenye uwezo huo likatoka, na Desemba mwaka huohuo GOG ikaanza kuiuza tena ikitumia kazi hiyo. Ninawaheshimu mno watu hawa. Wamehifadhi kitu ambacho wenyewe wenye mali hawakuweza kukihifadhi, na wameongeza hata chaguo la kurudisha vipande vilivyokatwa kabla gemu haijatoka mwaka 1997.

Juni 2022 kampuni ya Nightdive Studios ikatoa Enhanced Edition, yaani toleo lililoboreshwa, kwa kompyuta, PlayStation 4, Xbox One na Switch. Ina maandishi ya mazungumzo ndani yake, inakubali pedi, na picha zinakwenda laini zaidi. Lakini kulainisha huko kulikwenda na gharama: moshi, chembe za filamu na baadhi ya mambo madogo ya mandhari yalififia, na kwa gemu ambayo roho yake iko kwenye ukungu na mwanga, hasara hiyo inaonekana. Ilipotoka ililalamikiwa vikali, na GOG, ambayo ilikuwa imeacha kuuza ya awali peke yake, ikairudisha sokoni muda mfupi baadaye.

Ushauri wangu juu ya matoleo ni huu: mwenye kompyuta achukue ya awali inayotumia ScummVM na aongeze lile faili la maandishi. Mwenye PlayStation, Xbox au Switch tu, bila kompyuta, achukue Enhanced Edition bila kujiona amepunjwa, kwa sababu hadithi, sauti na maamuzi ni yaleyale. Kwenye simu nisingeshauri Blade Runner. Kulenga shabaha kwa kidole ilhali mtu anakukimbilia gizani kunakera.

Kwa hali yako

Kama huna hela ya gemu mwezi huu, au bando ni la kubana, jibu limeshapatikana: Beneath a Steel Sky. Hutapata ya bure iliyo bora kuliko hiyo katika aina hii.

Kama hujawahi kucheza gemu ya kubofya ya miaka ya 1990, anza na Beneath a Steel Sky pia, kwa sababu inakufundisha lugha ya gemu hizi: angalia kila kitu, ongea na kila mtu, jaribu tena. Ukikwama zaidi ya nusu saa kwenye fumbo moja, tafuta dokezo bila haya. Mafumbo mawili matatu ya ndani ya LINC hayastahili jioni yako.

Kama unapenda hadithi za upelelezi na hupendi kabisa kuchanganya kamba na ndoano mpaka mlango ufunguke, nenda Blade Runner moja kwa moja. Chagua kiwango chepesi ili masuala ya risasi na pesa yasikusumbue, ongea na watu mara mbilimbili, na ukiona hakuna kinachotokea rudi kituo cha polisi au nyumbani kwa McCoy ukalale. Mara nyingi hadithi inasubiri hilo tu.

Kama mnacheza wawili, mume na mke au ndugu kwenye kochi moja, inategemea mnapenda kubishana juu ya nini. Beneath a Steel Sky inaleta ubishi wa "jaribu kile kipande cha chuma", na mmoja wenu atacheka kila Joey akifungua mdomo. Blade Runner inaleta ubishi wa "kwa nini umemwachia?", na huo unaweza kuendelea mpaka chakula cha usiku.

Kama unacheza na watoto, kumbuka zote zina vifo na damu. Vichekesho vya Beneath a Steel Sky vinafaa kijana wa sekondari, ingawa matusi madogo yapo. Blade Runner ina klabu za usiku na mauaji ya karibu, nayo ni ya watu wazima.

Kama uliicheza mojawapo zamani na sasa unataka kuirudia, Blade Runner itakupa kesi mpya hata kama unakumbuka ile ya kwanza neno kwa neno. Beneath a Steel Sky itakupa Union City ileile, na kwa aliyeimaliza kuna mahali pa kwenda baada yake: Revolution walitoa mwendelezo, Beyond a Steel Sky, mwaka 2020, unaomrudisha Foster jijini. Ukipanga kucheza huo, maliza kwanza wa 1994, maana mwendelezo unadhani tayari unamjua Joey.

Na kama una wikiendi mbili badala ya moja, cheza zote kwa mpangilio wa miaka yake. Ukitoka kwa LINC, ambako kila mlango una funguo yake, ukaingia mtaani kwa McCoy, ambako hakuna anayekuambia kama umefungua mlango sahihi, utaona jinsi gemu hizi zilivyobadilika ndani ya miaka mitatu tu.